Kukodi Chombo Pasipo Nahodha



Twaona siku hizi, hasa msimu wa korosho unapomalizika na fedha zingali mkononi, jamaa wengi wa Masasi na Newala hushuka pwani pamoja na watoto wao kupumzika. Si jambo baya, bali ni jema. Mtoto wa uwandani, aliyekua akiyaona maji ndani ya ndoo na mapipa tu, ana haki naye ya kuyaona maji yasiyo na ukingo. Ukisimama pale Newala penye Shimo la Mungu, waliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako, na mto ule ndio uendao kuingia baharini upande wa Msimbati. Basi kushuka Mtwara au Mikindani si kwenda ugenini. Ni kuufuata mto wetu mpaka mwisho wake.

Lakini pamezuka swali, na swali hili ndilo lililotufanya tuandike. Vijana watatu waliosoma kwetu chuoni, nao sasa ni watu wazima wenye wake na watoto, walitujia wakatuuliza: "Maalimu, je, yafaa tukodi mashua nzima kwa siku tano au sita, mashua tupu, pasipo nahodha wala baharia, tuwapakie watu wetu, twende wenyewe kutoka Mikindani hadi Sudi na Lindi, na pengine tufike Kilwa, tukilala tupendapo?" Walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, ujira wa nahodha utabaki mfukoni mwao. Ya pili, jamaa watakuwa faragha, hapana mtu wa kando kati yao na wake zao. Hoja hii ya pili ina uzito, nasi hatukuipuuza, tutairudia.

Kukodi chombo kitupu ni desturi iliyopo duniani, wala hawakuizua vijana wetu. Katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, huko bahari ya Karibi, biashara hii ilianza kushika tangu miaka ya 1960. Leo iko Ugiriki, na karibu nasi iko Shelisheli. Mtu hulipa kodi ya juma zima, akakabidhiwa chombo chenye tanga na mashine, vitanda na jiko, akaenda zake. Ukisikia hivyo utadhani ni kama kukodi baiskeli. Sivyo hata kidogo. Huko Ugiriki sheria yataka cheti cha kuongoza chombo, na awepo na mtu wa pili mwenye ujuzi, la sivyo chombo hakitoki bandarini. Kwingineko mwenye chombo humhoji mtu: umepata kuongoza chombo cha namna gani, bahari ipi, siku ngapi? Akimwona mchanga humpa nahodha wake, na mgeni hulipa juu yake. Kisha huwekwa rehani ya fedha kwa ajili ya hasara. Basi tufahamu neno hili "kitupu". Maana yake ni kwamba chombo hakina nahodha wa mwenye chombo. Haina maana kwamba chombo hakina nahodha. Nahodha yupo, naye ni yule aliyekodi. Siku ile aliyopokea usukani amepokea na kila jambo alilokuwa akiulizwa nahodha: upepo, mwamba, maji yanayoingia, na roho za waliomo.

Vijana wetu hawakuwa wamelitazama jambo kwa upande huu. Walidhani wanapunguza mtu mmoja; kumbe wanajitwika kazi yake.

Sasa na tuiangalie sheria yetu, kwani jambo la kukodi lina mlango wake katika vitabu vya fiq-hi, na huku kusini wengi wetu twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Ijara ni kununua manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa kodi inayojulikana. Haitoshi kusema, "Nipe mashua yako nikatembee, tutaelewana." Kutaelewana nini? Chombo kijulikane ni kipi, siku zijulikane ni ngapi, kodi ijulikane ni kiasi gani, na mpaka wa safari ujulikane ni wapi. Watu wetu hufanya haya vizuri sana wanapokodi shamba la mikorosho, hata miti huihesabu mmoja mmoja. Lakini wakifika pwani huona haya kuuliza.

Aliyekodi ni mwenye amana. Mashua ikivunjika kwa dhoruba isiyozuilika, naye hakuzembea wala hakupita mpaka, halipi. Lakini akizembea hulipa: akiiacha nanga haikushika akaenda kulala, au akapakia watu wasioelekea kupakiwa, au akatoka hali ameambiwa upepo ni mbaya. Na akipita mpaka hulipa. Waliagana mwisho wa safari ni Lindi, akajiona hodari akaendelea Kilwa: tangu alipoupita mpaka ule amekuwa mdhamini wa chombo, hata kikizama kwa jambo ambalo si kosa la mikono yake, na kodi ya ziada ni juu yake. Hili wanachuoni walilisema zamani juu ya mwenye kukodi mnyama akampeleka mbali kuliko walipoagana, na mashua haina tofauti na mnyama katika hili. Nasi twauliza: mtu asiyejua kusoma upepo, akitoka na chombo cha watu, je, kule kutoka kwenyewe si kuzembea? Sisi twaona ni kuzembea, na hatuoni udhuru wake.

Kuna na hatari nyingine iliyojificha. Mara nyingi mashua hupatikana kwa njia ya urafiki: "Huyu ni shemeji yake fulani, atatupa mashua, tutampa kitu kidogo cha sukari." Hii si kodi tena, hii ni kuazima, na hukumu ya kuazima ni nzito zaidi. Kwa madhehebu yetu, mwenye kuazima kitu hulipa kikipotea au kikiharibika, hata kama hakuzembea, isipokuwa kuchakaa kunakotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Kwa hiyo yule adhaniaye amepata bure ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kuliko aliyelipa. Tumewaambia vijana: lipeni kodi kamili, muandikiane, washuhudie watu wawili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Basi mtu asiseme kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana.

Na tumkumbuke mwenye chombo. Msomaji aliyesoma Suratul Kahf anazijua habari za ile jahazi ya maskini waliofanya kazi baharini, na jinsi Nabii Musa alivyofazaika alipoona imetobolewa. Mashua nyingi za Mikindani na Msimbati ni za watu wa namna hiyo. Mbao zile ndizo ada ya shule ya watoto wake na chakula cha mama yake. Tena mashua ya kuvulia si chombo cha abiria. Serikali yataka chombo cha kuchukua abiria kikaguliwe na kipewe leseni, na kazi hiyo sasa iko mikononi mwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Anayepakia familia katika mashua ya uvuvi isiyo na ruhusa amemtia mwenyewe matatani pamoja naye.

Tuingie sasa baharini kwenyewe, maana hapa ndipo mtu wa bara anapodanganyika zaidi.

Likizo kubwa za watoto wetu ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Juni ni kusi tupu, na ndiyo miezi kusi inapokuwa na nguvu. Desemba kaskazi inaingia, na huku kwetu ndiyo mvua zimekwisha anza na ngurumo zake. Utulivu wa bahari uko kati ya pepo hizi mbili, Machi na Aprili, tena Oktoba na Novemba, ambapo watoto wako darasani. Basi mtu wa likizo aghalabu hukutana na upepo uliokwisha shika. Chukua mwezi wa Juni. Mashua ikitoka Mikindani kwenda Lindi na Kilwa, kusi iko nyuma yake. Tanga hujaa, watoto hucheka, na kila mtu hujiona baharia. Kisha siku ya nne waambiwa, "Haya turudi." Sasa upepo uleule uko usoni, na chombo hakiendi ila kwa kubisha, huku na huku, maji yakirushwa ndani, na siku za kodi zinakwisha. Kwenda kulikuwa raha, na kurudi ndiko kunakotaka nahodha. Wenye kujua hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama huanza safari kwa kuukabili upepo wakiwa wangali na nguvu, ili marejeo yawe mepesi, ama hukodi kwa kwenda tu, wakashuka Lindi na kupanda basi, mabaharia wakairudisha mashua wenyewe. La pili ndilo tulipendalo kwa watu wenye watoto.

Jambo la maji kujaa na kupwa ni la pili, na hapa Mwislamu ana faida, kwani kalenda yake mwenyewe yamwambia. Bamvua hufuata mwezi: huja siku za mwezi mwandamo, na tena mwezi unapokuwa mpevu, siku ya 15 na zinazofuata. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hujaa kadiri ya saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa kadiri ya saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kisha kila siku husogea mbele karibu dakika 50. Tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Basi jamaa waliotoka Masasi usiku wakafika Mikindani, wakanywa chai, wakataka kupanda chomboni saa nne ya asubuhi, mwezi tatu au mwezi kumi na sita, watakikuta chombo kimelala ubavu juu ya tope. Hili si kubwa, watangoja. Kubwa ni lile la kutia nanga jioni maji yakiwa yamejaa juu ya mwamba usiouona, watoto wakalala, na saa nne usiku mwamba ukaingia ubavuni mwa chombo.

Tena uko mkondo wa bahari. Mkondo mkuu utokao mashariki huipiga pwani karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mpaka wetu, ukagawanyika: mkono mmoja waenda kaskazini, mwingine kusini. Chombo kilichoharibika mashine au kilichopasuka tanga nje ya Mnazi hakikai mahali pake kikingoja msaada. Na kusini mwa mdomo wa Ruvuma ni nchi ya Msumbiji, ambako katika mkoa wa Cabo Delgado pameingia mapigano. Si yale ya kupigania uhuru tusemayo, bali haya yaliyoanza Oktoba 2017. Hapo si mahali pa kutembeza familia. Anayetaka kuiona Ghuba ya Mnazi na aione kwa upande wetu, ambao ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000 na una ada zake na taratibu zake.

Wala tusiseme kwamba tufani ni habari za nchi za mbali. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilishuka Cabo Delgado, na watu wa Mtwara waliambiwa wajihadhari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangazwa kila siku redioni na katika simu. Nahodha wa kweli huzisikiliza kabla ya kufungua kamba.

Vijana walitujibu: "Lakini wazee wetu wa pwani walisafiri pasipo vyeti." Naam, walisafiri, lakini hawakusafiri pasipo mjuzi. Vasco da Gama, Mreno, alipofika Malindi mwaka 1498, alikuwa amekwisha zunguka ncha ya kusini ya Afrika kwa merikebu zake mwenyewe. Hata hivyo hakuthubutu kuvuka kwenda Bara Hindi mpaka alipopewa rubani. (Watu wengi husema rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid, yule bingwa wa elimu ya bahari, wachunguzi wa siku hizi wengi hawakubali.) Kwa rubani yule na upepo wa wakati wake, alivuka kwa siku zisizotimia mwezi. Aliporudi, hakungoja msimu. Alikaa baharini karibu miezi mitatu, watu wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na Januari 1499 akaichoma moto merikebu yake moja, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha zote. Bahari ni ileile na merikebu ni zilezile. Lililobadilika ni msimu tu.

Basi tuliwajibu hivi: kodini mashua pamoja na nahodha wake na baharia mmoja. Na anayetamani kuwa nahodha, jambo zuri. Na akae na wajuzi misimu miwili, kusi na kaskazi, ajifunze kubisha, kupima kina, kukumba maji na kuziba panapovuja, kisha ndipo atake chombo kitupu, naye aanze ndani ya ghuba ya Mikindani, mahali anapoweza kuitwa kwa sauti.

Na ile hoja ya faragha? Ina dawa. Achaguliwe nahodha mtu mzima mwenye sifa njema mjini kwake, aulizwe msikitini na kwa majirani zake. Kaeni nyuma na mbele, mtundike pazia katikati, pawe na mahali pa haja penye stara. Wanawake wakiwa na haya ya kwenda haja huacha kunywa maji mchana kutwa, na jua la baharini si la mchezo. Usiku lalani nchi kavu. Haya yote ni rahisi kuliko kumwomba Mwenyezi Mungu awape ujuzi ghafla katikati ya mkondo.

Lakini kuna jambo moja gumu zaidi ya pazia, nalo ni la sisi wazee. Baba wa nyumba amezoea kwamba neno lake ndilo la mwisho. Chomboni sivyo. Chomboni amiri ni nahodha, hata akiwa kijana wa miaka 25 na wewe una mvi. Akisema, "Leo hatutoki," hakuna kutoka. Asiambiwe kwamba fedha zimekwisha lipwa, wala kwamba sikukuu ni kesho. Akisema watu kumi wanatosha, wa kumi na moja abaki, hata awe ni shangazi aliyetoka Masasi kwa ajili hiyo. Tukumbuke MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, siku chache baada ya Idi, imejaa kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengine hawakuonekana. Tukumbuke na MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012, ikienda Unguja katika upepo wa kusi. Hizo zilikuwa meli zenye manahodha. Basi mtu na apime hali ya mashua iliyojaa watoto, na nahodha wake ni mtu aliyeiona bahari juzi.

Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la kiasi chake; la mtu mzima humvuka mtoto kichwani likaelea peke yake. Maji ya kunywa yasipungue lita 4 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili juu yake. Hapa hatuna haja ya kumhutubia mtu wa Newala. Thamani ya ndoo ya maji aliifahamu tangu tumboni mwa mama yake.

Na Sala haina likizo. Aliyetoka Masasi au Newala kwenda kutembea pwani amekwisha kuwa msafiri, apunguze na akusanye kwa masharti yake. Atasali kwa kusimama akiweza, na akihofu kizunguzungu au kuanguka baharini atasali kwa kukaa. Kibla kwetu ni chepesi: Makka na pwani ya Mtwara ziko karibu katika mstari mmoja wa ramani utokao kusini kwenda kaskazini, basi dira ikionyesha kaskazini imeonyesha na kibla. Chombo kikigeuka katika Sala ya faradhi, naye msalaji ageuke kukifuata kibla chake.

Mwisho wa safari chombo kirudishwe siku iliyoagwa, mchana, mwenyewe akiwapo. Kioshwe, maji ya ngamani yakumbwe. Nanga na kamba zihesabiwe, tanga likunjuliwe lionekane kama lina mpasuko, na kilichovunjika kisemwe kabla hakijaulizwa. Kisha karatasi ile ya kwanza itolewe, isomwe tena mbele ya mashahidi walewale, ndipo fedha iliyobaki itoke mfukoni.